Pawa au stelingi ya mkono? Njia nne kwa mwenye pikapu ya zamani

Pikapu ya zamani ikianza kumwaga oili ya stelingi, gereji utapewa ushauri wa aina mbili. Fundi mmoja atakwambia ununue pampu nyingine. Mwingine atakwambia utoe pawa, yaani ule msaada wa oili yenye presha unaoupa usukani wepesi, urudishe stelingi ya mkono, uachane na habari za mipira ya oili na sili. Ushauri wote unaweza kuwa mzuri, inategemea gari. Kinachoniudhi ni kwamba maneno "toa pawa" hutumika kwa kazi mbili zisizofanana. Kuna kuvua mkanda wa pampu na kuliacha boksi lilelile, yaani boksi la gia za usukani, na kuna kufungua boksi zima na kufunga lingine ambalo tangu kiwandani lilikusudiwa kuzungushwa kwa nguvu za mikono peke yake. Kazi ya kwanza inachukua dakika chache na ndiyo inayofanywa na wengi. Ya pili ndiyo inayostahili kuitwa stelingi ya mkono.

Msimamo wangu ni huu. Pikapu nyepesi ya petroli, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye tairi nyembamba, na ambayo kiwanda kiliwahi kuiuza bila pawa, ningeifunga boksi la mkono bila wasiwasi. Pikapu ya dizeli, au inayovuta magurudumu yote manne, au iliyovishwa tairi pana, ningeikarabati pawa yake. Kuvua mkanda tu ni kwa ajili ya kufika gereji. Chaguo la nne, stelingi ya umeme, linawafaa wachache, nao nitawataja.

Kabla ya kulinganisha, jua unachotibu

Usukani mzito na usukani unaocheza mara nyingi husingiziwa boksi au pampu, kumbe kosa liko chini. Tairi za mbele zenye upepo pungufu, boljointi zilizokaukiwa grisi au kingpini zilizoshika (vyote ni viungo ambavyo magurudumu ya mbele hugeukia), au kiungo cha shafti ya usukani kilicholiwa na kutu, vyote hivyo vinafanya gari liwe zito, na hakuna boksi jipya litakaloviponya.

Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, zima injini, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukiwa mzito hata magurudumu yakiwa hewani, chomoa kiungo kinachoshika mkono wa pitmani, yaani ule mkono wa chuma unaotoka chini ya boksi, kisha zungusha tena polepole bila kugonga mwisho. Usukani ukiwa mwepesi sasa, uzito uko kwenye viungo vya magurudumu. Ukibaki mzito, au ukashika mahali fulani na kuachia, angalia boksi na shafti. Boksi la pawa lililojaa oili litakupa ukinzani kidogo injini ikiwa imezimwa. Huo ni wa kawaida, mradi uwe sawasawa mzunguko wote.

Mchezo nao unapimwa gari likiwa chini kwa tairi zake. Washa injini, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu, mwambie mtu autikise usukani kidogo kushoto na kulia, nawe chungulia kutoka pembeni. Angalia shafti inayoingia kwenye boksi, halafu mkono wa pitmani. Shafti ikisogea na mkono ukatulia, boksi limelegea. Mkono ukisogea na tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu, ikachelewa, hapo ni viungo. Nimeona watu wakibadilisha boksi kwa sababu ya tairodi moja iliyokwisha, na gari likaendelea kuyumba vilevile.

Jambo lingine la kuangalia mapema ni pampu hiyo inahudumia nini zaidi ya stelingi. Baadhi ya malori mepesi na pikapu, hasa za dizeli za Marekani, zina busta ya breki inayopata presha kutoka pampu hiyohiyo ya stelingi. Ukiitoa, umejiondolea msaada wa breki pia. Fuata mipira kwa macho kutoka kwenye pampu: mmoja ukielekea nyuma ya injini, kwenye ukuta wa kabini juu ya pedali ya breki, acha wazo la kuondoa pampu hadi uwe na jibu la breki.

Kwa nini boksi la pawa bila pampu si stelingi ya mkono

Francis W. Davis, injinia aliyefanya kazi upande wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, ndiye aliyebuni mfumo wa haidroliki uliofaa kutumika, katika miaka ya 1920. Alianza na magari mazito kwa sababu huko ndiko mikono ya madereva ilikuwa ikiteseka. Chrysler ikauweka kwenye gari la abiria la kuuzwa, Imperial ya 1951. Tangu hapo waunda magari walijua kwamba nguvu itatoka kwenye pampu, kwa hiyo wakabadilisha hesabu za ndani ya boksi, na hapo ndipo tofauti yote inapoanzia.

Boksi la mkono la pikapu huwa na uwiano mkubwa, kwa mfano 24 kwa 1: unazungusha usukani digrii 24 ili shafti ya chini isogee digrii 1. Boksi la pawa huwa na uwiano mdogo zaidi, tuseme 16 kwa 1, ili dereva asizungushe sana. Gawanya 24 kwa 16, unapata 1.5. Maana yake, ukiondoa msaada wa pampu kwenye boksi la 16 kwa 1, mikono yako inatakiwa kutoa nguvu mara moja na nusu ya ile ambayo ingehitajika kwenye boksi la 24 kwa 1, gari likiwa lilelile na tairi zilezile. Na hapo bado hatujahesabu oili unayoisukuma ndani ya boksi na misuguano ya sili za pistoni, ile inayosukumwa na oili ndani ya boksi ili kusaidia gia.

Tatizo la pili linaonekana ukiwa barabarani. Ndani ya boksi la pawa, kati ya shafti ya usukani na gia, kuna fito nyembamba ya chuma inayojipinda unapokata kona. Kujipinda huko ndiko kunakofungua vali ili oili yenye presha iende upande unaotakiwa. Pampu ikifanya kazi, huhisi kitu. Isipofanya, kila ukikata kona unaipinda kwanza fito hadi vizuizi vya chuma vya usalama vikutane, ndipo gia inaanza kusogea. Usukani unakuwa na ulegevu katikati, kushoto na kulia, na huo hauondoki kwa kukaza skrubu yoyote. Kwenye mwendo wa barabara kuu dereva anajikuta anasahihisha muda wote.

Wapo wanaoichomelea fito hiyo ili isijipinde. Kwenye gari la mashindano, kwa mikono ya fundi anayejua chuma, ni jambo linalofanyika. Kwenye pikapu inayobeba watu barabarani siwezi kukushauri ufanye hivyo. Fito hiyo ni chuma cha springi kilichopitishwa kwenye moto kwa kipimo, na joto la kuchomelea linaharibu ugumu wake.

Hata hivyo kuna siku utalazimika kuendesha hivyo, pampu imekufa na safari haijaisha. Basi fanya vizuri. Usizibe matundu mawili ya boksi kila moja peke yake. Upande mmoja wa pistoni unaposukumwa, oili yake inataka njia ya kutokea na upande wa pili unataka ya kuingilia. Ukiziba, unapigana na oili iliyofungiwa na usukani unakuwa mgumu kuliko inavyostahili. Unganisha tundu la presha na tundu la kurudishia kwa mpira mmoja, boksi likiwa na oili yake, izunguke humo na kulainisha gia. Usiache matundu wazi. Vumbi na maji vitaingia. Na usiiache pampu ikizungushwa na mkanda bila oili ndani: itakwama, na mkanda ukikatika, kwenye injini nyingi unaondoka na wota pampu au altaneta.

Boksi la mkono: linakupa nini, linakudai nini

Linakupa wepesi wa kulihudumia kwanza. Hakuna pampu, hakuna mipira, hakuna mkanda wa ziada, hakuna oili ya kuongeza kila wiki. Ndani kuna gia, beringi, na oili nzito ya gia au grisi kulingana na kitabu cha gari. Chumba cha injini kinapata nafasi, na fundi anaifikia altaneta bila kukunja mkono. Barabarani, usukani unakuambia hali ya tairi za mbele: unahisi zinapoanza kuteleza kwenye matope kabla gari halijaondoka kwenye mstari.

Linakudai mizunguko. Mahali ambapo pawa inakwenda mwisho hadi mwisho kwa mizunguko mitatu hadi minne, boksi la mkono la pikapu linaweza kutaka mitano au sita. Gari likiteleza upande wa nyuma ghafla, mikono lazima iende haraka zaidi kulirudisha. Hili watu hulisahau kwa sababu wanafikiria uzito wa kupaki tu.

Kupaki nako ni kazi kweli, lakini kuna ufundi wake: usizungushe usukani gari likiwa limesimama. Likisogea hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, tairi zinabingirika badala ya kusagika chini, na uzito unapungua sana. Dereva aliyezoea kupaki kwa kusimama na kukata kona papo hapo atachukia boksi la mkono siku ya kwanza. Anayezoea kukata huku gari linasogea atashangaa lawama zote zilikuwa za nini.

Kwenye njia mbovu, boksi la mkono linarudisha pigo la shimo au jiwe hadi mikononi, kwa kuwa hakuna oili yenye presha ya kulimeza. Weka vidole gumba nje ya usukani, juu ya ukingo, visiingie ndani ya mikono ya usukani. Pigo likija, usukani unaweza kuzunguka ghafla na kuvunja kidole. Pikapu yenye shokomzoba ya stelingi haikupigi mikono sana hapa, na kama yako ina mahali pa kuifunga, ifunge.

Saizi ya usukani ina maana kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka kwenye usukani wa sentimita 38 ukaweka wa sentimita 42, nguvu ya mikono inapungua kwa karibu asilimia 10. Ndiyo sababu pikapu za zamani zisizo na pawa zilikuja na usukani mkubwa. Ule mdogo wa kimichezo ambao mwenye gari aliyekutangulia aliufunga, uvue.

Kazi ya kufunga yenyewe inakwenda vizuri au vibaya kutegemea unapopata boksi. Chanzo bora ni gari la kizazi kilekile, modeli ileile, usukani upande uleule, lililotoka kiwandani bila pawa. Chukua boksi, mkono wake wa pitmani, kiunganishi cha shafti, na ikiwezekana shafti yenyewe, kwa sababu urefu wa boksi la mkono na la pawa hutofautiana na splaini pia, yaani yale meno ya shafti yanayoshikana na kiunganishi. Mkono wa pitmani wa boksi la pawa mara nyingi hauingii kwenye boksi la mkono, na hata ukiingia, urefu usipolingana unabadilisha uwiano wote. Usilazimishe splaini kwa nyundo. Boksi la gari la usukani wa upande mwingine, au lile ambalo mkono wake unaangalia mbele wakati wako unaangalia nyuma, linaweza kukufanya ukate kulia gari liende kushoto.

Kabla ya kufunga mkono wa pitmani, tafuta katikati ya boksi. Zungusha taratibu hadi mwisho mmoja, hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, rudi nusu yake. Katikati hapo gia hubana kidogo zaidi kwa makusudi, ili gari likienda moja kwa moja lisicheze. Magurudumu yakiangalia mbele, boksi lazima liwe hapo hapo. Fundi akifunga nje kidogo ya katikati kisha akanyoosha usukani kwa kuuchomoa na kuugeuza, gari litayumba maisha yake yote na hakuna atakayejua kwa nini. Skrubu ya kurekebisha iliyo juu ya boksi nayo inakazwa boksi likiwa katikati. Ukiikaza kupita kiasi usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na gia zinajila.

Halafu kuna kasta, ule mwinamo wa mhimili wa gurudumu la mbele kuelekea nyuma. Kasta kubwa inaurudisha usukani katikati na kulituliza gari, lakini inaongeza uzito wa kukata kona. Modeli iliyouzwa kwa aina zote mbili za stelingi mara nyingi ina vipimo viwili kwenye kitabu, cha mkono kikiwa kidogo. Ukifunga boksi la mkono na kuacha kasta ya pawa, utabeba uzito usio wa lazima. Ukiipunguza kupita kipimo, gari linatangatanga. Peleka alaimenti, na mwambie fundi waziwazi kwamba stelingi imebadilishwa.

Kwenye mkanda, angalia kama ule wa pampu ndio pia unaozungusha kitu kingine. Ikiwa ndivyo, utahitaji mkanda mfupi zaidi au puli ya kupitishia. Baadhi ya Toyota za kabureta zina vali kwenye pampu ya stelingi yenye vimipira viwili vyembamba vinavyoongeza mzunguko wa injini unapokata kona. Ukitoa pampu, ziba miisho hiyo upande wa injini, vinginevyo injini itavuta hewa na kutetemeka ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta.

Usifanye haya yote kwa kutafuta mafuta. Pampu inachukua nguvu nyingi unapokata kona hadi mwisho. Ukienda moja kwa moja inachukua kidogo sana, na tofauti kwenye tangi utaitafuta kwa tochi.

Kukarabati pawa: mara nyingi ni rahisi kuliko inavyosemwa

Oili inapovuja huwa inachafua kila kitu, na ndiyo maana watu hudhani mfumo mzima umekufa. Safisha kwanza. Osha pampu, mipira na boksi, kausha, washa injini, mtu akate kona mara kadhaa, nawe angalia unyevu unaanzia wapi. Mara nyingi ni mpira wa presha kwenye maungio yake, sili ya shafti ya pampu nyuma ya puli, au sili ya chini ya boksi pale mkono wa pitmani unapotokea. Hiyo ya mwisho ina mtego: shafti ikiwa imeliwa na kutu mahali sili inapokaa, sili mpya itavuja tena baada ya muda mfupi. Pitisha ukucha juu ya chuma. Ukikwama kwenye vishimo, badilisha shafti au boksi, usinunue sili ya tatu.

Pampu inayolia si lazima iwe imekufa. Hewa kwenye mfumo hulia vilevile, na oili inakuwa na povu. Kutoa hewa hakuhitaji kifaa: mbele ikiwa juu ya stendi na injini imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi huku ukijaza chupa, acha povu litulie, rudia, ndipo uwashe. Mlio mkali mwembamba unapokata kona tu, huo mara nyingi ni mkanda unaoteleza. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu; pikapu nyingi za zamani zinatumia oili ya gia ya otomatiki ya aina ya Dexron, lakini si zote. Na usishikilie usukani mwisho wa kona: presha hapo inafika kileleni, vali ya usalama inafunguka, na oili inachemka ikizunguka ndani ya pampu.

Stelingi ya umeme

Watu wenye ujuzi wa nyaya huchukua shafti yenye mota kutoka gari dogo la kisasa na kuifunga juu ya boksi la mkono, au pampu ya umeme kama ile ya Toyota MR2 na kuiunganisha na boksi la pawa. Matokeo yanaweza kuwa mazuri sana, hasa kwa dereva mwenye maumivu ya mabega. Lakini mota hizo hunywa umeme mwingi kwa mkupuo, altaneta na nyaya za zamani hazikukusudiwa hilo, na shafti ya usukani inakatwa na kuunganishwa upya. Mtu asiyeaminika kwa kazi hiyo asiiguse.

Uamuzi wenyewe

Jiulize pikapu inatumia saa zake wapi. Ikishinda kwenye barabara ndefu, ikibeba mzigo nyuma, dereva akiwa mmoja, boksi la mkono litakaa humo miaka bila kudai kitu. Ikishinda kwenye maegesho finyu, ikirudi nyuma na kwenda mbele mara kumi kupata nafasi, pawa inastahili gharama yake. Injini ya dizeli ya chuma kizito juu ya mhimili wa mbele inabadilisha jibu, na tairi pana zenye rimu zilizotokeza nje zinalibadilisha zaidi, kwa sababu gurudumu linageuka mbali na mhimili wake na kukuvuta mkono kila likikutana na kitu.

Kuna pia suala la nani mwingine anaendesha. Gari la familia, au la kazi lenye madereva wanaopokezana, halichagui mikono. Mwenye nguvu akilifunga boksi la mkono kwa raha yake, mwenzake atashindwa kukwepa kitu kwenye mwendo mdogo. Ukibaki na shaka, tafuta pikapu ya modeli yako iliyotoka kiwandani bila pawa, omba uiendeshe, na uipaki mahali pabaya kweli. Iendeshe wewe, kisha umpe usukani yule mwenye mikono dhaifu kuliko wote watakaolitumia gari lako, na usifungue boksi lolote kabla hajasema lake.